Benchi la Mvivu

Nyumba ya kina Kobe ilikuwa juu kabisa ya mteremko, na kuifikia ilikubidi upande vidato sabini na vinne vya saruji. Vidato hivyo havikujengwa kwa mpango. Kila mwashi aliyepita aliongeza vyake, vingine virefu vya kukuvunja goti, vingine vifupi vya kukukwaza, kisha mvua ikaja ikala kingo. Ulipofika cha arobaini, upande wa ukuta, ulilikuta benchi. Lilikuwa la kukaa watu watatu wakibanana, limepigwa lipu laini kuliko nyumba nyingi za mtaa ule, na lilijengwa na baba yake Kobe kwa saruji iliyobaki kazini, kwa sababu mtu yule hakuweza kupanda vidato sabini na vinne bila kukaa mahali. Watoto waliliita Benchi la Mvivu. Wakubwa wakawakanya, halafu nao wakaliita hivyohivyo, mpaka likawa anwani: panda hadi Benchi la Mvivu, kisha kata kushoto.

Mvivu mwenyewe alikuwa ameshakufa siku nyingi. Alifia hapohapo, akiwa na miaka arobaini na mmoja, amekaa, mgongo umeegemea ukuta, ndoo ya vifaa vyake vya uashi, mwiko na timazi, kati ya miguu. Watu walimpita alasiri nzima wakimsalimu, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kujibu upesi, hakuna aliyeshtuka. Mazikoni kulikuwa na mtu aliyesema kwamba hata roho yake ilikaa kupumzika kwanza ndipo ikaenda. Watu wakacheka chinichini. Kobe alikuwa na miaka tisa, na alisikia.

Mama yake ndiye aliyebaki kumlea, na mama yule alikuwa ameumbwa kwa udongo mwingine. Alifua nguo za watu tangu alfajiri, akapanda na ndoo ya maji kichwani bila kugusa ukuta, akashuka, akapanda tena. Aliapa kwamba benchi lile hatalikalia maisha yake yote. Alipotaka kuchekesha wageni alimwiga marehemu, mkono kifuani, sauti ya kudeka: "Nisubiri kidogo, mke wangu. Nisubiri kidogo." Ndio wimbo wa ndoa yake, alisema, miaka kumi na mmoja aliimbiwa huo tu. Wageni walicheka mpaka wakajifuta macho. Ni yeye pia aliyempa mwanawe jina la Kobe, siku alipomtuma dukani akarudi uji umeshapoa. Jina likamganda kama rangi ya mafuta. Watu ni wepesi wa kutoa majina, ila kuuliza kilichomchelewesha mtoto ni kazi nzito.

Naye Kobe alichoka. Hilo ndilo jambo la kwanza alilojua kuhusu nafsi yake, kabla hata ya kujua kusoma. Alichoka asubuhi kabla siku haijamfanya lolote. Shuleni alikuwa wa mwisho kila mbio, na alipofika mstarini wenzake walikuwa wameshavaa viatu. Aliamini alichoambiwa. Alijiona ana kasoro ya tabia, kama mwingine alivyo mwongo au mchoyo, na akapanga maisha yake kuzunguka kasoro hiyo. Alichagua ufundi wa kuchomelea vyuma kwa sababu moja tu, ambayo hakumwambia mtu: ni kazi inayofanywa mtu amechuchumaa au amekalia kigoda.

Kwenye kazi hiyo, polepole yake ikawa mali. Mshono wake wa kuchomelea ulikuwa mdogo, sawia, umelala kama uzi wa cherehani, na tangi alilolifunga Kobe halikuvuja. Wateja wenye haraka walikwenda kwa Nyundo, mwenzake wa karakana, aliyeitwa hivyo kwa sababu kila tatizo alianza kwa kuligonga. Wenye akili walimsubiri Kobe. Nyundo alipomtania, Kobe alijibu kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama, na Nyundo akasema ni kweli, lakini simba huyo angalau anafika. Walikuwa pamoja miaka kumi na minane na mzaha ulikuwa uleule.

Alioa mshonaji wa sare za shule, mwanamke mpole asiyependa makelele, wakapata mtoto mmoja, wa kike. Binti alipofika miaka kumi na mitano, mtaa ulikuwa umeshampa jina: Kobe Mdogo. Naye alipanda vidato akiwa na mkono ukutani. Naye alikaa benchini. Bibi yake alimtazama kutoka juu, akatikisa kichwa, akasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Muhula uliopita ripoti ya shule ilikuja imeandikwa na mwalimu wa michezo kwamba msichana ana uwezo darasani lakini ni mvivu, anakaa chini wenzake wakikimbia. Chini yake palikuwa na nafasi ya maoni ya mzazi. Kobe alichukua kalamu akaandika, kwa mwandiko wake mzuri wa polepole: "Nakubaliana na mwalimu. Ni tabia ya ukoo wetu. Nitamkanya." Akatia sahihi. Hakuona alichofanya. Aliona amekuwa mzazi mkweli.

Mwaka ule uchovu ulibadilika. Zamani ulikuwa mzigo, na mzigo mtu huuzoea. Sasa ulikuwa na mashimo ndani yake: anatembea, dunia inazimika kidogo, inawaka tena, naye amesimama palepale ameshika nguzo. Alimwambia mkewe ni joto. Baridi ilipokuja akasema ni baridi.

Siku aliyoanguka hakuna aliyemwona akianguka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya geti la mteja, kinyago cha kuchomelea kimeshuka usoni, mgongo umeegemea rundo la vyuma. Nyundo alipita mara mbili akamwona yuko kazini. Mara ya tatu akagundua kwamba mwanga hauwaki. Alimtania kwanza, maana ndiyo ilikuwa desturi, akamwambia kwamba leo ameamua kulala na kofia kabisa. Kisha akainua kile kinyago, na alichokiona usoni kikamfanya aache utani. Akambeba mgongoni mpaka zahanati, yeye Nyundo, akilia kama mtoto njia nzima, na Kobe akazinduka katikati ya njia akamwambia ampeleke polepole, anamtikisa.

Muuguzi wa zahanati alimshika kifundo cha mkono, akatazama saa, akahesabu. Akatikisa saa yake. Akahesabu tena. Akaenda kuazima saa ya mwenzake, akahesabu mara ya tatu, kisha akauliza kama mgonjwa ametembea kwa miguu yake. Mapigo yalikuwa thelathini na sita kwa dakika. Akaandika barua ya kumpeleka hospitali kuu, akaipigia mstari chini mara mbili.

Hospitali kuu kulikuwa na daktari wa moyo, mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, anayeongea kwa sauti ya mtu asiyelala vya kutosha. Walimbandika Kobe nyaya kifuani, wakatoa karatasi ndefu yenye milima na mabonde. Wakampaka mafuta baridi, wakapitisha kifaa juu ya mbavu, na kwenye kioo akauona moyo wake ukifungua na kufunga, mzito, kama mtu anayeamshwa kwa lazima. Daktari alichukua karatasi akachora nyumba ya vyumba vinne, viwili juu, viwili chini. Kwenye ukuta unaotenga vyumba vya juu akaacha uwazi. Hapa, akasema, pangekuwa na ukuta mzima, lakini wewe una tundu. Damu iliyotakiwa kwenda mwilini inapenya, inarudi mapafuni, inazunguka bure. Moyo unafanya kazi mara mbili kwa faida nusu. Kisha akachora waya unaotoka juu kwenda chini, akaukatakata kwa kalamu. Moyo unaendeshwa na umeme wake wenyewe, alisema. Vyumba vya juu vinatoa amri, na amri zako nyingine zinafika chini, nyingine zinapotelea njiani. Ndiyo maana unazimika.

Kobe alielewa upesi kuliko wagonjwa wengi, kwa kuwa alijua matundu na alijua umeme. Aliuliza swali moja tu.

"Tangu lini?"

"Hilo tundu umezaliwa nalo. Umeme umekuwa ukiharibika kidogokidogo, mwaka baada ya mwaka."

Kobe akahesabu. Miaka arobaini na mitatu. Aliwakumbuka wote, mmojammoja: mwalimu wa shule aliyemvua viatu ili akimbie, wenzake mstarini, mama yake na uji wake uliopoa. Alitaka kurudi nyuma awashike mashati. Alitaka pia kulia, na hakujua kama ni kwa hasira au kwa nafuu, maana si kitu kidogo mtu kuambiwa kwamba hakuwa mbaya, alikuwa mgonjwa. Daktari alimwuliza kuhusu baba. Akaeleza: mwashi, mchovu, alikufa amekaa. Daktari aliandika bila kuinua kichwa. Akauliza kuhusu watoto.

"Ninaye mmoja, binti. Huyo hana tatizo," Kobe akasema. "Ni mvivu tu."

Daktari akaiweka kalamu mezani, akamtazama. Kobe akayasikia maneno yake mwenyewe yakining'inia chumbani, lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka husikia vizuri bila kusogea.

Daktari akasema mambo matatu, na la tatu ndilo lililomvunja nguvu. Kwanza, binti aletwe apimwe, kwa sababu tundu la namna hii likiandamana na umeme mbovu mara nyingine linarithiwa. Pili, yeye Kobe atawekewa kifaa kidogo cha kuongoza mapigo chini ya mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua, wengi wanakiita betri, na tundu litashughulikiwa baadaye. Akichelewa, ipo siku atazimika asiwake. Tatu, akishawekewa kifaa hicho, mashine ya umeme ya kuchomelea basi. Mawimbi yake yanaweza kukidanganya kifaa kikadhani moyo unapiga wenyewe, kikanyamaza. Kobe akauliza kama hakuna namna. Daktari akajibu kwamba ziko kazi nyingine. Akampa tarehe, Jumatatu.

Kobe alisema ahsante, atakuja. Jumatatu ilikuja, yeye hakwenda.

Alimwambia mkewe kwamba ni upungufu wa damu, ameambiwa ale mboga za majani. Mkewe akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akaenda kupika mboga. Karatasi za hospitali alizikunja akazitia kwenye kopo la vijiti vya kuchomelea, karakana, mahali ambapo hakuna mkono mwingine unaofika. Alijua anachofanya. Mficha maradhi kifo humuumbua, hata watoto wanaimba hivyo. Lakini aliwaza hivi: kitu kimoja tu duniani nilikifanya vizuri. Kila mahali nilikuwa wa mwisho, ila kwenye ule mshono mdogo hakuna aliyenifikia. Nikiutoa huo, itabaki nini? Itabaki mtu amekaa.

Na binti? Kobe alijiambia atampeleka. Alijiambia wiki ijayo. Ukweli ni kwamba kumpeleka binti kulikuwa ni kulifungua lile kopo mbele ya nyumba nzima, na hakuwa tayari. Tuseme wazi, maana yeye mwenyewe baadaye alisema wazi: aliweka kazi yake mbele ya mtoto wake kwa wiki tatu.

Wiki hizo tatu zilikuwa nzito. Alichomelea akiwa ameegemea kitu. Nyundo hakumtania tena, na ukimya ule ulimchosha kuliko utani. Kila jioni alipanda mpaka kidato cha arobaini, akakaa, akasikiliza ndani ya kifua chake pigo linalokuja, pengo refu, kisha pigo jingine.

Jioni moja alimkuta binti yake pale benchini. Begi la shule lilikuwa chini, na soksi zimejaa vumbi jekundu la uwanjani. Hakuinuka kumpokea, alisogea tu ampe nafasi. Walikaa bega kwa bega kama abiria wawili wanaosubiri chombo kimoja. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu kuzunguka mdomo. Kobe akauliza kulikoni. Binti akasema alichelewa kufika, mwalimu wa michezo akamwambia azunguke uwanja mara nne. Mara ya pili hakuona vizuri, akakaa. Mwalimu akamwongezea mara mbili. Amezimaliza kwa kutembea, wenzake wakimpigia makofi ya kejeli.

"Ungemwambia unaumwa," Kobe akasema.

"Siumwi, Baba. Nimechoka tu." Akaivuta soksi. "Na wewe mwenyewe uliandika ni tabia ya ukoo. Alinionyesha. Alisema hata baba yako anakujua."

Yako maneno ambayo mtu akiyasikia anazeeka papo hapo.  Kobe aliuchukua mkono wa binti, akatafuta kwa vidole viwili kama alivyomwona muuguzi akifanya, chini ya kidole gumba, palipo laini. Akatazama saa yake. Mtoto wa miaka kumi na mitano, aliyetoka kupanda vidato arobaini na begi la vitabu, moyo wake ulipaswa kuwa unakimbia kama sungura. Akahesabu. Akahisi pigo, pigo, kisha pengo. Pengo lile alilijua. Alikuwa akilisikiliza kila jioni mahali hapohapo. Dakika ilipokwisha alikuwa amefika arobaini na nne. Akahesabu upya, akiomba amekosea. Arobaini na nne.

"Baba, vipi?"

"Nisamehe, mwanangu," akasema. Ndivyo alivyoanza, hakutafuta namna nyingine. Na kwa kuwa ameshaanza, akamwambia yote: tundu, umeme, kopo la vijiti, wiki tatu. Binti alisikiliza akitazama vidato vilivyobaki juu yao. Mwisho aliuliza kama ina maana kwamba yeye si mvivu. Kobe akasema ndiyo, ina maana hiyo. Binti akaweka uso kwenye magoti akalia, si kwa hofu. Alilia kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Walipanda vidato thelathini na vinne vilivyobaki wakisimama mara tatu, na hakuna aliyemwonea mwenzake haya.

Ndani alirudia habari ile mbele ya mkewe na mama yake. Mkewe aliacha cherehani, akasema tu kwamba mboga za majani zote zile amezila bure. Kisha akaingia chumbani akaanza kupanga nguo za hospitali, za watu wawili. Mama ndiye aliyekataa. Alikuwa amesimama, kama kawaida yake, mgongo umenyooka, mikono imekunjamana kwa sabuni ya miaka hamsini.

"Kwetu hakuna ugonjwa wa moyo," akasema. "Baba yako hakuwahi kuumwa hata siku moja. Alikuwa hapendi kazi, basi. Msiwaletee watoto visingizio vya hospitali."

"Mama, mtu asiyependa kazi anajenga benchi?"

 Mama akatoka nje kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Asubuhi iliyofuata walishuka wote wanne. Mama alisema anawasindikiza tu, ana mtu wa kumdai pesa za kufua nguo huko chini, lakini chini walipofika hakumtafuta mtu huyo. Hospitalini daktari wa miwani mikubwa hakumgombeza Kobe. Alimtazama tu kwa uchovu, akasema afadhali umekuja mwenyewe. Binti akabandikwa nyaya, akapakwa mafuta baridi, na kwenye kioo ukaonekana ukuta wake una uwazi, mdogo kuliko wa baba. Umeme ulikuwa umeanza kuchelewa, haujakatika vibaya. Tundu lake lingeweza kuzibwa kwa kupitia mshipa wa paja, bila kumpasua kifua. Umeme ungechungwa kwa karibu, na siku ukikataa kabisa, atapewa kifaa kama cha baba. Ataishi, daktari alisema, asome, azae akitaka, ilimradi asikae bila kupimwa, na asikimbizwe na mtu.

Wakampima na mama, kwa kuwa alikuwepo. Moyo wake haukuwa na dosari. Daktari alimsifu, akamwambia ana moyo wa msichana. Mama hakufurahi. Aliuliza, kwa sauti ambayo Kobe hakuwahi kuisikia, kama zamani hizo, miaka thelathini na minne iliyopita, mtu angeweza kujua. Daktari akasema kwa vifaa vya wakati ule, mahali pale, pengine si rahisi. Lakini kushika mkono na kuhesabu, akaongeza, hilo lingewezekana siku zote. Hakujua anaongea na nani.

Kobe aliwekewa kifaa wiki hiyohiyo. Kilikuwa bapa, kidogo kuliko kiberiti, na kilivimba chini ya ngozi kama kitu alichosahau mfukoni. Usiku wa kwanza hakuweza kulala kwa sababu ya ukimya, yale mapengo aliyoyazoea yalikuwa yameondoka. Uchovu haukwisha. Watu hudhani ukiponywa unaruka kama ndama. Alikuwa na tundu bado, mshono unauma begani, na uchovu wa miaka arobaini na mitatu hautoki kwa siku moja. Ila sasa ulikuwa uchovu wenye chini. Angeweza kuukanyaga.

Nyundo alikuja kumwona wodini na kopo la vijiti mkononi. Alikuwa amezikuta karatasi. Hakuwa na utani. Alisema karakana itahitaji mtu wa kupima, kuchora na kukata, kwa sababu yeye Nyundo hupima kwa macho na macho yake ni ya nyundo. Walikubaliana Kobe akae chumba cha mbele, mbali na mashine. Kobe akamwomba jambo moja: geti la yule mteja, lililobaki upande mmoja, amalizie polepole. Nyundo akasema atajaribu. Baadaye Kobe aliuona mshono ule. Ulikuwa na vinundu kama ugali usiosongwa vizuri. Aligeuza uso, akaenda kupima dirisha.

Ripoti ya muhula mpya ilipokuja, mwalimu wa michezo, aliyekuwa ameshapelekewa barua ya daktari, hakuandika lolote. Kwenye nafasi ya mzazi Kobe aliandika kwamba maoni aliyoyatoa muhula uliopita hayakuwa ya kweli, na anayafuta. Akatia sahihi na tarehe.

Siku aliyotoka hospitali, kabla ya ripoti hiyo kuja, walimpandisha vidato pole kwa pole. Mkewe na binti walitangulia na mabegi, wakisimama, wakienda. Mama alibaki nyuma yake, hana ndoo kichwani, mara ya kwanza Kobe kumwona akipanda mikono mitupu. Walipofika kidato cha arobaini Kobe alisimama kwa mazoea. Akashangaa. Pumzi zilikuwepo. Angeweza kuendelea, hata kama si mbio. Akageuka amwambie mama yake, akamkuta amekaa.

Alikuwa amekaa pembeni kabisa ya benchi, kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa, kiganja kikipapasa ile lipu laini.

"Mimi nilimpita," akasema.

Kobe hakuelewa.

"Siku ile. Sikupata kumwambia mtu. Nilimkuta hapa, nilikuwa na maji kichwani. Akaniambia, mke wangu, nisubiri kidogo. Nikamwambia utanikuta nyumbani. Nikapanda. Nikafua. Nilisikia watu wanamsalimu, nikajua yupo."

 Hasira aliyoibeba Kobe tangu kwenye chumba cha daktari, ile ya kushika watu mashati, aliitafuta, akakuta imebaki kidogo sana, haimtoshi hata mama mmoja. Juu, binti aliita kuuliza kama wanakuja. Kobe akamnyoshea mama mkono amwinue waende.

Mama hakuushika. Alikuwa akitazama vidato thelathini na vinne vilivyobaki, ambavyo miguu yake ilivipanda maelfu ya mara bila kuhesabu.

"Nisubiri kidogo," akasema.

Kobe akakaa karibu yake, akamsubiri.